Mtoto Aliulizwa, Akajibu

Wageni wetu walikuja zaidi Jumamosi. Wengine walikuwa vijana wa makanisa ya Mombasa na Nairobi, wengine watalii waliokuwa njiani kuelekea mbugani, wakapinda kwetu kwa muda mfupi na kofia zao za jua zikiwa bado kichwani. Tulijua kabla hawajafika, kwa sababu mkurugenzi wa kituo chetu cha watoto alipiga simu akasema maneno mawili tu: "Watoto waoge." Kuoga Voi wakati wa kiangazi si mchezo. Maji ya tangi letu tuliyagombania na ndovu, ambao walikuwa wameshajua ua wetu unaangukia upande gani, na mimi ndiye niliyeamua nani aoge mwili mzima na nani apanguswe uso na miguu.

Baada ya kuoga nilikuwa nawapanga mstari, wafupi mbele, halafu tunarudia masomo. Mgeni akikuuliza jina, simama, mikono nyuma, sema jina lako lote. Akikuuliza unaendeleaje, sema vizuri, asante. Akikuuliza kama unapenda kitu fulani, sema ndiyo, nitafurahi sana, Mungu awabariki. Shida haziambiwi mgeni. Mtoto aliyeumwa na jino alingoja gari litoke getini ndipo akalia. Niliwafundisha hivyo mimi mwenyewe na sitaki mtu anisute. Mchele tuliokula ulitoka kwenye majibu hayo, na sijaona mtu wa haki za watoto aliyetuletea gunia.

Nilikuwa mama wa nyumba, mlezi wa watoto, katika kile kituo, nje kidogo ya mji, upande wa mashamba ya mkonge. Nilizaliwa hapa hapa Voi, kwenye nyumba za reli. Baba alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya mabehewa, na tangu hapo hakurudi kwao ila kwa mazishi. Watu wa milimani wananiona mgeni mpaka leo. Kidawida changu, lugha yao, ni cha sokoni, cha kuulizia bei ya viazi, na wauza viazi wenyewe hunicheka kisha wakanijibu kwa Kiswahili.

Yule msichana aliletwa kwetu akiwa bado hajaanza kutambaa, amezungushiwa sweta la mtu mzima. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye mkonge, akaugua, akafia hospitalini, na wafanyakazi wenzake wakamzika kwa mchango. Majirani walimlea mtoto kwa zamu mpaka wakachoka, wakampeleka polisi, polisi wakamleta kwetu na amri ya mahakama. Nikapewa mimi kwa sababu alikuwa analia na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Hakuna sababu nyingine. Baadaye watu waliponiuliza kwa nini nampenda huyu kuliko wengine, nilikataa kwamba nampenda kuliko wengine, nikaona aibu, kwa sababu hata wale wadogo walikuwa wanajua.

Hakuwa mtoto rahisi. Akitaka kitu hasemi. Anakuja kusimama ubavuni mwako, anakuna mguu mmoja kwa mwingine, ananuna, na kazi ya kukisia ni yako. Ukikisia vibaya ananuna zaidi. Siku nyingine nilimaliza kusonga ugali mzima yeye yuko pale, mpaka nikaropoka, "Sema basi, umeng'atwa ulimi?" na kumbe alikuwa anataka ukoko. Kwa wageni alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa wageni alikuwa namba moja: sauti safi, mikono nyuma, tabasamu lenye mapengo. Mkurugenzi alimweka mbele kila mara.

Sheria mpya ya watoto ilipoanza kushuka mpaka huku kwetu, tuliitwa semina katika hoteli moja mjini. Tulikuwa wafanyakazi wa vituo, machifu wachache, walimu, na askari mmoja wa dawati la watoto aliyesinzia tangu chai. Viti vilikuwa vimevishwa nguo nyeupe kama maharusi. Mwezeshaji, kijana mpole, alitueleza kwamba serikali ilishatia sahihi mikataba ya haki za watoto zamani, kwamba katiba imeweka maslahi ya mtoto mbele ya kila jambo linalomhusu, na sasa imetungwa sheria ya kuyatekeleza hayo mpaka kwenye kijiji cha mwisho. Mtoto ana haki ya kulelewa na familia. Kituo kiwe kimbilio la mwisho, tena kwa muda mfupi. Vituo vitafungwa polepole, watoto warudi kwa jamaa zao, na kabla mtoto hajaamuliwa jambo, aulizwe na asikilizwe.

Niliinua mkono. "Na wale hawana watu?"

"Kila mtoto ana watu mahali, mama. Kazi ni kuwatafuta."

Nilirudi na mkoba wa semina na hasira. Njia nzima nilitafuta uongo katika maneno ya yule kijana, nikaukosa. Nimeona waliokulia kwetu wakitoka watu wazima bila kujua kuchagua nyanya, bila kujua mtu anakaaje msibani. Mmoja wao alinipigia simu kabla ya harusi yake kuniuliza nani atakaa upande wake kanisani. Nilienda nikakaa mimi na mpishi wetu, tumejitanua ili benchi lisionekane tupu. Kwa hiyo nilijua sheria inasema kweli. Ningekuwa na raha zaidi kama ingekuwa sheria mbaya, ningeweza kuitukana.

Afisa wa watoto wa eneo letu alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa kuwa binti yangu, na mchapakazi. Eneo lake lilikuwa kubwa kupita akili, nyika na milima pamoja. Gari lilikuwa moja, la kugawana na ofisi nyingine, na mafuta yalikuja yanapokuja. Nilimwona mara nyingi akishuka kwenye bodaboda na mafaili ndani ya mfuko wa plastiki ili yasiingie vumbi. Nilimpenda. Ni shida kubwa kupigana na mtu unayempenda.

Yeye ndiye aliyetafuta jamaa za yule msichana. Alianza na jina la ukoo la mama lililobaki hospitalini, akaliulizia kwa machifu wa milimani, wakalitangaza kwenye baraza na makanisani, na hatimaye akapatikana mtu katika kijiji cha Mghange, kaka wa marehemu.

Huyo mjomba alikuja na afisa siku ya kazi, joto limekaza. Alikuwa amevaa koti zito la kwao mlimani, jasho likimtiririka mpaka shingoni, na hakulivua kwa heshima. Alileta gunia dogo la viazi na maparachichi yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimelala na swali langu na kuamka nalo, na hata kabla hajakaa vizuri nikamtolea.

"Mlikuwa wapi miaka yote hii?"

"Tulikuwa nyumbani, mama," akasema. "Tulikuwa pale pale tu."

Akaeleza polepole. Dada yake aliondoka nyumbani kwa hasira baada ya kugombana na baba yao. Wakasikia amekufa akiwa ameshazikwa. "Mambo ya mtoto hatukuambiwa na mtu. Kama ningejua ningekuja na miguu." Ndipo msichana alipoletwa. Mjomba alimwangalia, akavua kofia, akajifunika nayo uso. "Hii ni sura ya mama yetu," akasema ndani ya kofia. Mtoto alisimama mikono nyuma akamwambia karibu sana, tumefurahi kukuona. Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Sheria ilitaka mtoto aulizwe akiwa peke yake, mahali alipozoea, pasipo mtu wa kumtisha wala kumshawishi. Afisa aliifuata sheria sawasawa. Alichagua chumba cha kulia, akakaa benchi moja na mtoto badala ya kukaa kwenye kiti, akachonga kalamu ya rangi ili wachore kwanza. Mimi niliambiwa nitoke, nikatoka, nikaenda jikoni. Lakini ukuta wa jikoni haukufika kwenye mabati. Mwenye kujenga alitaka moshi upite, na sauti nazo zikapita.

Nikamsikia afisa akiuliza habari za shule, za marafiki, za chakula anachopenda. Mtoto akajibu mojamoja. Kisha afisa akasema, kwa sauti ya upole ambayo mimi sina, "Na ukienda kukaa na mjomba wako, na mke wake, na watoto wao, wewe mwenyewe utajisikia vipi?"

Benchi likasogea. Nikajua amesimama. Sikuwa namwona, lakini nilijua mikono iko nyuma.

"Nitafurahi sana," akasema. "Asante. Mungu awabariki."

Nilikuwa na upawa mkononi na maharagwe yanatokota. Nilitaka kuingia mle ndani na upawa wangu nimwambie afisa usiandike, huyo hajakujibu bado, hilo ni jibu la Jumamosi. Sikuingia. Kuingia ndiko sheria ilikokataza, na ilikataza kwa sababu nzuri, kwa sababu wapo akina mama wa nyumba wanaowatisha watoto waseme wanavyotaka wao. Maharagwe yakashika chini siku hiyo, na watu wakayala hivyo hivyo.

Nilimfuata afisa getini.

"Madam, huyu mtoto hajakujibu. Hiyo ni jibu ya wageni."

"Ya wageni vipi?"

Nikamweleza yote: mstari, mikono, ndiyo nitafurahi sana. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema atakuja tena mpaka mtoto amzoee, na kwa kweli alikuja tena, kwa bodaboda, na kitabu cha hadithi. Mtoto alimpa jibu lile lile na tabasamu kubwa zaidi. Alikuwa ameanza kumpenda, na aliyempenda alimpa kilicho bora alichokuwa nacho.

"Sasa mama, niambie nifanye nini," afisa akaniambia siku hiyo. Alikuwa amechoka. "Sheria inasema nimsikilize mtoto. Nimemsikiliza mara mbili. Nikiandika kwa ripoti kwamba mtoto alisema ndiyo lakini mama wa nyumba anasema hiyo ndiyo ni hapana, si nitakuwa nimeandika sauti yako?"

"Mimi namjua."

"Najua unamjua. Lakini wewe umeajiriwa hapa, na hapa panafungwa. Wataniambia unatetea kazi yako."

Nilimwambia sitetei kazi. Lakini kazi nayo nilikuwa naiogopea. Sikuwa na mume wala shamba. Chumba nilicholala kilikuwa cha kituo. Hofu ya kumkosa mtoto na hofu ya kukosa pa kulala zililala kitanda kimoja, sikuweza kuamsha moja nikaiacha nyingine.

"Basi nipewe mimi nimlee," nikasema.

"Jamaa kwanza, mama. Jamaa wakikosekana ndio tunatafuta mtu wa nje."

"Mtu wa nje ni nani?"

Alitazama mafaili yake. "Ni kisheria tu," akasema baadaye, na nikaona ameona haya.

Alinionya pia nisimtie mtoto maneno mdomoni. Nilijaribu kutii. Lakini jioni moja nilikuwa namsuka, kichwa chake kiko katikati ya magoti yangu, na nikashindwa.

"Wewe unataka kwenda kwa mjomba?"

"Unataka niseme nini?"

"Sema unachotaka wewe."

"Sijui ninachotaka. Kule sijawahi kuona."

Nikaendelea kusuka. Kulikuwa na jibu gani hapo? Mtoto alikuwa na akili kuliko semina nzima, na akili hiyo haikumsaidia kitu. Ningemwambia baki, ningekuwa namwambia abaki kwenye nyumba inayofungwa. Ningemwambia nenda, angefikiri namfukuza. Nilimvuta nywele kwa nguvu bila kukusudia, akasema "Aii," akanuna.

Mahakamani hakimu hakuvaa joho. Alitupokea ofisini kwake, akamkaribisha mtoto kwenye kiti kilicho karibu naye, akamuuliza anapenda somo gani. Kisha akamuuliza lile swali. Mtoto akashuka kitini ili asimame. Hakimu alifurahishwa na adabu yake, hata akamtazama mjomba kama anayempongeza. Akauliza kama kuna mtu mwenye neno.

Nilisimama.

"Wewe ni nani kwa mtoto?"

"Mama wa nyumba, mheshimiwa."

"Kuna ubaya wowote unaoujua juu ya familia hii?"

"Hapana."

"Umeona dalili kwamba hawataweza kumtunza?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni kwamba huyu mtoto, mtu akimuuliza, anasema ndiyo. Kwa kila mtu anasema ndiyo."

Nilijisikia nikisema hivyo na nikaona jinsi maneno yalivyo madogo. Hakimu hakunidharau. Alisema amesikia, akaandika. Akaamuru mtoto akae na mjomba wake na afisa awatembelee mara kwa mara kuhakikisha anaendelea vizuri, na mtoto awe anaulizwa kila mara. Ilikuwa amri nzuri. Ukiisoma leo utasema huyu mtoto amelindwa pande zote.

Siku ya kuondoka hakuniaga. Alipanda garini akanuna, akageuza uso upande wa pili, na mjomba akaniomba radhi kwa niaba yake. Nilimwambia aache. Kununa kule kulikuwa kwangu, hakuna mgeni aliyewahi kupewa. Nilifurahi na nikaumia, nikaingia ndani nikakunja shuka zake.

Kituo kilifungwa kama walivyosema, polepole, mtoto mmoja mmoja. Wengine waliondoka wakaenda kwa watu wema, na nasema hivyo kwa sababu nimewaona: mmoja yuko Bura kwa nyanya yake, amenenepa na ana mdomo mchafu, na nikimwona nacheka. Mimi nilihamia kwa dadangu karibu na stesheni, nikaanza kupika chapati na maharagwe kwa wenye malori. Kila nilipopita ofisi ya watoto nilichungulia. "Umeenda Mghange?" Afisa anasema bado, gari liko Taveta. Au gari lipo, mafuta hakuna. Au mafuta yametoka lakini kuna mtoto wa dharura Kasighau. Mara ya mwisho aliniona mlangoni akatikisa kichwa kabla sijauliza. Alikuwa amepungua. Nilimpelekea chapati, akazila akiwa amesimama.

Halafu akanipigia simu. "Mama, kesho gari ina mafuta. Mimi sikukuambia uje, lakini saa moja nitakuwa hapo petroli steshen." Nikawa pale kabla yake.

Tulipanda kupitia Mwatate na Wundanyi, na baada ya hapo barabara ikawa mawe. Huko juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Kabichi zimepangwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko ambayo mimi nisingeweza hata kusimama. Mjomba alitupokea kwa furaha ya kweli. Mke wake alitoka jikoni akipangusa mikono, mwanamke mwembamba mwenye haraka, akatukalisha, akatuletea kimanga cha viazi na maharagwe kabla hatujaulizana hali. Watoto wao walichungulia. Wangu hakuwepo.

Akaja akipanda kutoka mtoni, dumu la maji limefungwa mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani. Amerefuka. Nywele zimenyolewa. Alinisalimu kwa Kidawida, "Kwawuka," na binamu zake wakacheka kwa sababu sikujua kuitikia vizuri. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Nilitazama vidole vya binamu zake, navyo vilikuwa vimepasuka. Nilitazama miguu yake kutafuta alama za fimbo, nikaona aibu kwa kutafuta, sikuziona, na nikaendelea kutafuta.

"Sasa anajua kazi," mke wa mjomba akasema, na alikuwa anamsifu. "Alikuja hajui hata kushika jembe."

Afisa aliuliza kuhusu shule. Anaenda. Kila siku? Kila siku, isipokuwa siku za soko, maana siku za soko mama anashuka na kabichi na mtoto mchanga hana wa kubaki naye. Binamu zake je? Hao wana mitihani. Analala wapi? Jikoni, na mtoto mchanga, kwa sababu jikoni ndiko kwenye joto. "Hata mimi nililelewa hivyo," akasema yule mama, amesimama wima, kama mtu anayejua anapimwa. "Mlitaka alelewe vipi?"

Nyumba za reli nilibeba wadogo zangu mgongoni mpaka mgongo ukazoea umbo lao, na hakuna afisa aliyekuja kuuliza. Hayo yalikuwa malezi au alikuwa amepata mtumishi? Nilijiuliza hivyo nikiwa na kijiko cha kimanga mdomoni, na mpaka leo nikijibu asubuhi, jioni nabadili jibu.

Sheria ilisema aulizwe peke yake, kwa hiyo afisa alimchukua nje, kwenye ngazi ya kwanza ya kabichi. Mtoto alinishika mkono wa sweta na hakuachia, na afisa hakumlazimisha. Tukasimama watatu kwenye ukungu. Mke wa mjomba alikuwa mlangoni na mtoto wake mchanga kifuani. Mjomba alikuwa anapangusa matope kwenye gari la serikali kwa kitambaa, hakuna aliyemwomba.

"Hapa hakuna mtu atakukasirikia," afisa akasema taratibu. "Uko sawa hapa? Kuna kitu ungependa kibadilike?"

Nilingoja benchi lisogee, lakini hapakuwa na benchi, na safari hii hakuweka mikono nyuma. Alikuwa anafikiri. Sikuwahi kumwona mtoto akifikiri namna ile. Alimtazama mke wa mjomba mlangoni, akamtazama mjomba na kitambaa chake, akalitazama gari muda mrefu zaidi.

"Nikisema," akauliza, "mtarudi lini?"

Afisa alifungua mdomo. Angekuwa mtu wa kudanganya angesema wiki ijayo, na mtoto angesema, na leo tungejua. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya.

"Sijui, mami," akamwambia. "Nitajaribu. Sijui."

Mtoto akanigeukia mimi, kuona kama nina jibu jingine. Akaachia sweta langu.

"Basi andika niko sawa," akasema.

Afisa akaandika, kwa sababu ndivyo mtoto alivyosema.